Kupima mafunzo ya maafisa wa nyanjani: twende tukaone kikundini

Ofisi nyingi za mashirika ya maendeleo ziko hapa Nairobi, Kilimani, Lavington, Westlands na kando ya Ngong Road, lakini kazi yenyewe iko Kitui, Makueni, Turkana na Kwale. Hapo ndipo shida ya kupima mafunzo huanzia. Anayeidhinisha bajeti yuko orofani, anayefundishwa amekuja na matatu kutoka mji wa Wote, Makueni, na mkulima ambaye ndiye mwenye haja hayuko ukumbini. Kinachorudi ofisini ni orodha ya waliohudhuria, picha ya pamoja mbele ya bango, na karatasi za maoni zinazosema mwezeshaji alieleweka na chakula kilikuwa kizuri. Mfadhili anaandikiwa kwamba maafisa wamejengewa uwezo. Kama kuna kilichobadilika kwa mkulima, hakuna anayejua.

Mimi kazi yangu ni ufuatiliaji na tathmini. Mwongozo huu ni wa wenzangu wanaoambiwa na mkurugenzi, "tuonyeshe kama yale mafunzo yalisaidia", na hawana pesa za kumleta mtaalamu kutoka nje. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo: mafunzo ya kukausha na kuhifadhi mahindi kwa maafisa wa nyanjani Ukambani. Nimeuchagua kwa sababu naujua, na kwa sababu unahusu uhai wa watu. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu wa mahindi yasiyokauka vizuri, yaliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao Makueni na Kitui. Afisa akifundishwa jambo hili kisha aendelee kufanya kazi kama alivyozoea, hasara yake haiko kwenye bajeti peke yake.

Andika tendo kabla ya kukodi ukumbi

Tathmini huanza siku mnapokaa kupanga mafunzo. Chukua mpango aliouandika meneja wa mradi, utafute lengo. Mara nyingi utakuta kitu kama "kuongeza uelewa wa maafisa kuhusu utunzaji wa mazao baada ya mavuno". Huwezi kufunga safari hadi mji wa Mwingi, Kitui, kwenda kutazama uelewa. Mwulize meneja: afisa akitoka hapa, akifika kwenye kikundi cha wakulima, tutamwona akifanya nini ambacho leo hafanyi? Usimwachilie mpaka mpate sentensi yenye mtu, tendo, mahali na wakati.

Katika mfano wetu sentensi ilikuwa hii: wakati wa mavuno, afisa anawafanya wanakikundi wapime wenyewe unyevu wa mahindi yao kwa chupa na chumvi kabla ya kuyatia kwenye gunia.

Kwa asiyeijua njia hiyo: unachukua chupa inayoonyesha ndani, safi na kavu kabisa, unatia mahindi kama theluthi yake, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyoanikwa ikakauka, unafunga, unatikisa vizuri, kisha unaiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Kiwango cha kuhifadhi mahindi hapa Kenya ni asilimia 13.5, kwa hiyo afisa aliyeelewa somo humwambia mkulima aanike tena hata kama chupa imebaki safi, au amtafutie mashine ya kupima unyevu.

Nimeeleza hatua zote hizo kwa makusudi. Mpimaji asiyeijua kazi kwa kiasi hicho hawezi kuona kosa likifanyika mbele ya macho yake. Kabla ya kupima mafunzo yoyote mimi hukaa na mtaalamu wa mada mpaka niweze kulifanya tendo lenyewe kwa mikono yangu. Kama mafunzo ni ya vikundi vya kuweka na kukopa, ujue sanduku lina kufuli tatu, funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, na ujue sababu. Kama ni ya chanjo ya kuku, ujue dawa hubebwa vipi juani isiharibike. Mtu wa tathmini anayesema "mimi ni wa data tu, mambo ya kilimo ni ya wengine" atahesabu vitu visivyo na maana.

Matendo matatu yanatosha kwa mafunzo ya wiki moja. Yakizidi hapo, hakuna msimamizi atakayeyakumbuka na wewe hutaweza kuyafuatilia. Ukishayaandika, yapeleke kwa msimamizi wa eneo, kwa maafisa wawili watatu wenye uzoefu, na kwa wakulima wachache. Wakulima usiwaruke. Watu wa ofisini huandika mambo ya mada, lakini mkulima atakwambia afisa huja siku ya soko wakati nusu ya wanawake hawapo, au hufundisha saa nane mchana watu wakiwa wamechoka na jua. Mara nyingine tendo linalohitaji kubadilika ni hilo.

Kisha pata hali ya awali. Nenda uwaone maafisa wachache wakifanya kazi kabla hawajafundishwa, ukitumia orodha ileile ya matendo utakayoitumia baadaye. Kama pesa za safari hazipo, pigia simu wakulima wa vikundi vyao na uulize mara ya mwisho afisa alipokuja walifanya nini. Usipokuwa na picha ya mwanzo, baadaye utabaki ukikisia, na afisa aliyekuwa hodari tangu zamani ataandikwa kuwa ni matunda ya mafunzo.

Ngazi nne, lakini uanzie juu

Watu wengi wa fani hii wanazijua ngazi nne alizoeleza Donald Kirkpatrick wa Marekani mwaka 1959: washiriki waliyapokeaje mafunzo, walijifunza nini, walibadilisha nini kazini, na kazi ikaleta matokeo gani. Ni mpangilio mzuri na bado unatumika dunia nzima. Tatizo ni kwamba mashirika huanza ngazi ya kwanza kwa sababu ni rahisi, hufika ya pili kama kuna muda, na pesa hukatika hapo.

Ushauri wangu ni mpange mkianzia ya nne. Tunataka mahindi ya mkulima yasiote ukungu. Ili hilo liwe, mkulima afanye nini? Ili afanye hivyo, afisa afanye nini? Ili afisa afanye, ajue nini, na awe na vifaa gani? Mkishashuka hivyo mtagundua kwamba baadhi ya vikwazo haviondolewi na mafunzo hata kidogo. Nimeona mpango wa mafunzo ukifutwa katika hatua hii kwa sababu ilionekana maafisa walijua kila kitu ila hawakuwa na mafuta ya pikipiki. Huo ni ushindi mkubwa wa tathmini, na umetokea kabla ya mtu yeyote kuketi ukumbini.

Kuna pia ngazi ya tano iliyoongezwa na Jack Phillips, ya kulinganisha faida na gharama kwa shilingi. Kwa kiwanda inafaa. Kwa shirika la vijijini sipendekezi uihangaikie, maana utalazimika kuweka bei kwenye vitu ambavyo bei yake utakuwa umeibuni.

Siku za mafunzo

Karatasi ya maoni isifutwe, ila ipunguzwe. Maswali ya kupima kwa nyota hadi tano kuhusu ukumbi na mwezeshaji hayakusaidii kitu, kwa sababu ifikapo saa kumi jioni siku ya mwisho watu wanawaza gari la kurudi nyumbani na huweka nyota tano wote. Weka maswali matatu ya kuandika: Ukirudi kazini, ni jambo gani moja utalifanya tofauti, na katika kikundi kipi? Ni nini kinaweza kukuzuia? Ni sehemu gani ya mafunzo hukuielewa vizuri? Yatoe asubuhi ya siku ya mwisho, kabla ya chai, na uwape muda wa kutosha.

Yale majibu ya swali la pili yatunze kama dhahabu. Maafisa husema ukweli hapo. Wataandika kwamba msimamizi wao hatawaruhusu, kwamba hawana chupa, kwamba vikundi vimezoea kulipwa posho na mradi mwingine ndipo vikutane. Siku ile ile ya mwisho mkabidhi msimamizi orodha ya vikwazo hivyo, bila majina, na umwombe aseme ataondoa kipi na lini.

Mtihani wa kabla na baada nao una nafasi yake, lakini angalia lugha. Maafisa wa Kitui hufanya kazi kwa Kikamba na Kiswahili. Ukiwapa mtihani wa Kiingereza wa kuchagua jibu sahihi, utakuwa umepima Kiingereza chao. Na jambo la mikono lipimwe kwa mikono. Weka meza mbili nje ya ukumbi, moja ina mahindi mabichi kidogo na nyingine mahindi makavu, chupa, chumvi na magunia yasiyopitisha hewa. Kila afisa aje afundishe mtu mmoja kupima na kufunga, nawe ukiwa na orodha yako. Gunia la namna hiyo lina mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida: je, anatoa hewa kabla ya kufunga? Anafunga kila mfuko peke yake, au anaikusanya yote pamoja kwa kamba moja? Anakumbuka kumwambia mkulima asiliweke sakafuni wala karibu na vitu vinavyotoboa? Dakika chache kwa kila mtu zinakupa habari ambayo karatasi haiwezi kukupa.

Usiridhike na alama za siku ya mwisho. Tangu utafiti wa mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, wa mwaka 1885 inajulikana kwamba binadamu husahau upesi sana mwanzoni asiporudia alichojifunza. Rudia maswali machache baada ya wiki sita hivi, hata kwa simu. Alama ya wiki ya sita ndiyo ya kuandika kwenye ripoti.

Kikundini

Hapa ndipo kuna tathmini yenyewe, na hapa ndipo ningetumia zaidi ya nusu ya pesa ulizo nazo.

Kwanza, kalenda. Ukambani mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na mahindi yake huvunwa kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Machi. Mafunzo ya kuhifadhi yafanyike karibu na mavuno, na ziara ya kuangalia iwe wakati wa mavuno yenyewe. Ukienda Novemba utaonyeshwa jinsi ambavyo wangefanya. Kama ripoti ya mfadhili inatakiwa Desemba, mwandikie mapema umweleze kwamba tendo linaloripotiwa halijafika msimu wake, na umpe tarehe ya kweli. Wafadhili wengi hukubali wakielezwa hivyo mwanzoni. Wanachokataa ni kuelezwa siku ya mwisho.

Pili, namna ya kwenda. Usijitokeze kama mkaguzi. Mwambie afisa waziwazi unakuja kutazama mafunzo yalivyofaa, na kwamba jina lake halitaandikwa kwenye ripoti. Fika mapema, usalimie, pitia kwa mzee wa kijiji kama ndiyo desturi ya hapo, kaa nyuma ya watu. Gari la shirika lenye nembo liache mbali kidogo ukiweza, maana likiegeshwa karibu na mti wa mkutano wanakikundi huanza kuwaza msaada, na mkutano hubadilika. Orodha yako iwe ya ukurasa mmoja uliokunjwa ndani ya daftari, na uijaze baadaye. Ukipata nafasi, mwone afisa yuleyule mara mbili katika vikundi tofauti, kwa sababu mara ya kwanza watu wengi hujitahidi kwa ajili ya mgeni.

Tatu, cha kutazama. Nitasimulia mkutano mmoja uliobadilisha namna shirika letu linavyofundisha. Ilikuwa Kitui, kikundi cha akina mama na wazee wachache chini ya mwembe. Afisa alikuwa kijana mwenye heshima, anayependwa. Alitoa chupa ya soda iliyosafishwa, akatia mahindi ya mama mmoja, akatia chumvi, akafunga, akatikisa. Alieleza kila hatua kwa Kikamba safi, bila kukosea. Chumvi ikaganda. Akawaonyesha wote, akawaambia mahindi yaanikwe tena. Ungekuwa unajaza orodha ya kawaida ungeweka alama ya ndiyo kila mahali.

Mkutano ulipokwisha niliomba kuzungumza na mwenye mahindi. Nilimwambia, "Mama, hebu nionyeshe utakavyopima kesho, mwalimu akiwa hayupo." Alinitazama, akacheka kwa upole, akasema, "Mwalimu ndiye hutikisa." Hakuwa ameishika ile chupa hata mara moja. Wala wenzake hawakuwa wameishika. Walikuwa wakingoja afisa arudi na chupa yake, na afisa yule alikuwa na vikundi vingi vya kuzungukia, na mavuno hayangoji.

Kwenye maafisa wengine niliona jambo lilelile: wote walikuwa wanatikisa wenyewe. Niliporudi Nairobi nikatazama picha za siku za mafunzo, nikakuta mwezeshaji amesimama mbele na chupa moja, na maafisa wameketi wakiandika. Walifundisha kama walivyofundishwa. Alama zao za mtihani zilikuwa nzuri, maoni yao yalikuwa mazuri, na mkulima bado alikuwa hajui kupima. Duru iliyofuata kila afisa alipewa chupa yake, na kanuni ikawa kwamba mwezeshaji haruhusiwi kuigusa. Ziara za msimu uliofuata niliwakuta akina mama wakitikisa, na mzee mmoja akibishana na afisa kwamba chumvi yake ilikuwa na unyevu tangu dukani. Ubishi huo ulinifurahisha kuliko alama yoyote, maana mtu habishani juu ya kitu asichokishika.

Kwa hiyo unapozungumza na wakulima usiwaulize kama afisa alifundisha vizuri. Watakwambia ndiyo, kwa adabu na kwa kuwa wanampenda. Omba uonyeshwe. Omba uingie ghalani. Tazama gunia limefungwa vipi, limekaa juu ya mbao au sakafuni, limetobolewa na panya au la. Uliza mahindi yaliyomo yalianikwa wapi: juu ya turubai au juu ya udongo? Mambo hayo hayajibiwi kwa adabu, yanaonekana.

Afisa asipofanya alichofundishwa

Hapa ndipo mashirika mengi hukata hukumu haraka: ama mafunzo hayakufaa, ama afisa ni mvivu. Ngoja kwanza. Timothy Baldwin na Kevin Ford, waliopitia tafiti za jambo hili mwaka 1988, walionyesha kwamba mtu kuhamisha alichojifunza hadi kazini kunategemea mambo ya aina tatu: mtu mwenyewe, namna mafunzo yalivyoandaliwa, na mazingira ya kazi. Kwa uzoefu wangu wa mashirika ya vijijini, hilo la tatu ndilo huua mafunzo mengi zaidi.

Mwulize afisa, kwa faragha na bila haraka, maswali manne. Unakumbuka jinsi ya kulifanya? Una vifaa? Kuna anayekuzuia au kukukatisha tamaa? Na unapimwa kwa lipi mwisho wa mwezi? Hilo la mwisho ndilo zito. Kama msimamizi kila Ijumaa anauliza idadi ya wakulima waliofikiwa, afisa mwenye akili atahutubia watu wengi kwa dakika ishirini na kwenda zake. Kumwacha kila mama atikise chupa kunakula muda, na muda huo haumo kwenye fomu. Hapo usipeleke watu kwenye mafunzo mengine. Badilisha fomu.

Kwa shirika dogo lisiloweza kutembelea kila mtu, nashauri njia ya mtaalamu wa tathmini Robert Brinkerhoff: watumie maafisa wote ujumbe mfupi ukiwauliza wametumia nini katika waliyojifunza, kisha wachague wachache waliofaulu sana na wachache ambao hawakutumia chochote, ukakae na hao tu kwa kina. Waliofaulu watakueleza nani aliwasaidia. Walioshindwa watakueleza mlango uliofungwa. Mara nyingi utakuta wote walifundishwa ukumbi mmoja na mtu mmoja, tofauti yao ni msimamizi.

Ndiyo maana msimamizi ahudhurie angalau siku moja ya mafunzo, na aandike tarehe atakayokwenda kumwona kila afisa wake kikundini. Msimamizi asiyejua kilichofundishwa hawezi kukidai.

Mkulima je?

Ngazi ya matokeo inahitaji uangalifu na unyenyekevu. Mahindi yakikosa ukungu mwaka huu, huenda ni kwa sababu ya afisa wako, huenda jua lilikuwa kali wakati wa kuanika, huenda afisa wa ugani wa kaunti alipita na redio ya Kikamba ikatangaza. Usidai yote ni yako.

Njia nafuu ya kupata ulinganisho ni kufundisha kwa awamu. Kama maafisa hawawezi kufundishwa wote kwa pamoja, na mara nyingi hawawezi, chagua awamu ya kwanza kwa kura, si kwa upendeleo wa meneja. Msimu huo linganisha vikundi vya maafisa waliofundishwa na vya wale wanaongoja. Wote wamenyeshewa na mvua ileile na wanasikiliza redio ileile. Ni haki pia, kwa kuwa wanaongoja watafundishwa, na watafundishwa vizuri zaidi baada ya makosa ya awamu ya kwanza kurekebishwa.

Chagua vipimo vichache ambavyo mkulima mwenyewe anaviona: magunia yaliyooza, mahindi yaliyotupwa au kupewa mifugo, mwezi ambao familia ilianza kununua unga dukani. Ukungu unaoonekana haukwambii kiasi cha aflatoksini, hicho ni kazi ya maabara, kwa hiyo usiandike kwenye ripoti kwamba sumu imepungua kama hukupima sumu. Na idadi ikiwa ndogo, andika watu, usiandike asilimia. Nusu ya maafisa sita ni maafisa watatu, na msomaji ana haki ya kujua ni watatu.

Pesa, siri na ripoti

Gharama ya mafunzo iandikwe kamili. Ukumbi, chakula, posho na nauli ziko kwenye risiti, lakini siku ambazo maafisa hawakuwa nyanjani nazo ni gharama, hasa zikiwa za msimu. Kama shirika lako linalipa ushuru wa mafunzo kwa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, ule wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, mwombe mtu wa rasilimali watu aangalie kama mafunzo yanaweza kuidhinishwa ili sehemu ya gharama irudishwe. Nimekuta mashirika yanayolipa kila mwezi na hayajawahi kuomba.

Kuhusu siri sina utani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakutaka uwe na sababu halali ya kukusanya habari za mtu na uzilinde, na hiyo inahusu afisa na mkulima sawasawa. Lakini hata sheria isingekuwepo: siku afisa mmoja atakapofutwa kazi kwa sababu ya orodha yako ya kikundini, hakuna afisa mwingine atakayekuonyesha kazi yake halisi. Mkubaliane na mkurugenzi kwa maandishi, kabla ya ziara, kwamba tathmini ya mafunzo na tathmini ya utendaji wa mtu ni vitu viwili na havikai kwenye faili moja. Kwa kukusanya majibu kwenye simu, programu ya KoboToolbox inatosha, hufanya kazi bila mtandao na unaweza kuweka maswali ya Kikamba. Namba za simu na majina viwe kwenye faili tofauti na majibu.

Ripoti iwe kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza useme matendo matatu yalikuwa yapi, yalionekana kwa wangapi kabla na kwa wangapi baada, kilichozuia ni nini, na unapendekeza nini: kurudia, kurekebisha au kuacha. Wa pili uwe na visa viwili vya kina, kimoja cha kufaulu na kimoja cha kushindwa. Majedwali mengine yabaki kwako, atakayeyataka atayaomba.

Ripoti hiyo maafisa waione kabla ya mfadhili. Waite, hata kama ni nusu siku Wote au Kitui mjini badala ya kuwaleta Nairobi, uwasomee ulichokiona na uwaulize umekosea wapi. Watakurekebisha, na baadhi ya sababu ulizodhani unazijua zitabadilika hapo hapo. Wakulima nao warudishiwe habari kwenye mkutano wao wa kawaida, kwa maneno machache. Kisha kabla watu hawajatoka chumbani, kubalianeni tarehe ya ziara inayofuata na nani atakwenda. Iwe kabla ya mwisho wa Februari: mvua za Machi zikianza, barabara nyingi za ndani Kitui hazipitiki, na wakulima mnaotaka kuwaona watakuwa shambani wakipanda.